Nyimbo za Ladino: namna wimbo wa jikoni ulivuka wakati wa korona

Katikati ya muji wa Lubumbashi kuko sinagogi, nyumba ya maombi ya Wayahudi. Watu wengi wanapita mbele yake bila kujua ni ya nani. Ilijengwa mwaka 1930, wakati muji ulikuwa ungali unaitwa Elisabethville. Wayahudi wengi wa muji ule hawakuwa Wabelgiji. Walitoka Rhodes, kisiwa cha bahari ya Mediterania ambacho leo ni cha Ugiriki, na kwao nyumbani walikuwa wanaongea luga inayoitwa Ladino.

Leo luga hiyo iko karibu kupotea. Lakini mwaka 2020, wakati korona ilifunga dunia yote, watu wake waliendelea kuimba pamoja, kila mutu akiwa kwake. Katika habari hii tunaeleza nyimbo hizo ni nini, zilipita wapi, na namna walifanya.

Ladino ni luga gani?

Mwaka 1492, mufalme na malkia wa Hispania walitoa amri: Wayahudi wabatizwe ao watoke katika inchi. Wengi walitoka. Sehemu kubwa walipokelewa katika utawala wa Waturuki, wakaanza maisha mapya katika miji kama Istanbul, Izmir, Thessaloniki, Sarajevo na Rhodes. Walibeba Kihispania cha wakati ule. Kisha kikachanganyika na Kiebrania, Kituruki, Kigiriki, Kiitalia na Kifaransa. Ni kama Kiswahili yetu ya Goma na Bukavu: inameza maneno ya Kifaransa na ya luga za vijijini, lakini inabaki Kiswahili.

Nyimbo zao ziko za aina tatu kubwa. Romansa ni hadithi ya kuimbwa, juu ya wafalme, vita, ao mwanamuke anayengojea bwana yake arudi. Kantiga ni wimbo wa mapendo, wa ndoa, wa mama mukwe na bibi-arusi. Kopla ni wimbo wa sikukuu. Katika sinagogi, wanaume njo waliimba, kwa Kiebrania. Lakini romansa na kantiga zilikuwa mali ya wanawake. Waliziimba jikoni, kando ya kitanda cha mutoto, ao kwenye ndoa, wakipiga ngoma ndogo ya mukononi inayoitwa pandero. Mingi kati ya nyimbo hizo haikuandikwa. Mutoto alizishika kwa kusikia tu.

Luga iliyopoteza miji yake

Vita ya pili ya dunia ilivunja miji hiyo. Kuanzia mwaka 1943, Wayahudi wa Thessaloniki walipakizwa katika treni na kupelekwa Auschwitz. Mwezi wa saba 1944, zamu ya Rhodes ilifika: watu zaidi ya 1,600 walichukuliwa, na wale waliopona walikuwa karibu 150 tu. Wale waliotoka kisiwani mbele ya vita, wakaja Elisabethville, Harare ya leo, Cape Town ao Amerika, walijikuta wao njo wamebaki na nyimbo za muji ambao watu wake hawako tena.

Hapa Kongo pia hawakubaki wengi. Kisha uhuru wa 1960 na vita ya Katanga, halafu Zairianisation ya 1973, wengi walienda Ubelgiji, Afrika ya Kusini, Israeli na kwingine. Watoto wao wakakua na Kifaransa, Kiingereza ao Kiebrania. Leo UNESCO inahesabu Ladino kati ya luga zilizo katika hatari, na wengi wanaoijua muzuri ni wazee.

Mufano mukubwa ni mama Flory Jagoda. Alizaliwa Bosnia mwaka 1923, na nyimbo alifundishwa na koko yake mwanamuke. Mwaka 1941 alikimbia akiwa na akordeo yake. Kisha vita, akajua kwamba karibu ukoo wote wa mama yake waliuawa. Alifika Marekani, akaanza kuimba nyimbo za koko na kutunga zingine. Wimbo wake wa sikukuu ya Hanukka, «Ocho Kandelikas», yaani mishumaa ndogo munane, ni wa mwaka 1983 tu, lakini watu wengi wanafikiri ni wa zamani sana. Alifundisha pia waimbaji wengine, kama Susan Gaeta. Alikufa tarehe 29 mwezi wa kwanza 2021, akiwa na miaka 97, wakati dunia ilikuwa ingali katika korona.

Milango inafungwa

Tunakumbuka wote. Tarehe 11 mwezi wa tatu 2020, OMS ilitangaza kwamba korona ni ugonjwa wa dunia nzima. Tarehe 24, Rais Tshisekedi alitangaza hali ya dharura. Masomo, makanisa na bar vilifungwa, na hata matanga haikufanywa kama kawaida.

Kwa watu wa Ladino hatari ilikuwa mara mbili. Korona iliua zaidi wazee, na wazee njo walikuwa na nyimbo kichwani. Wakati uleule wajukuu walikatazwa kuwatembelea. Mwezi wa ine, Pasaka ya Wayahudi ilifika. Ni usiku ambao familia yote inakaa kwenye meza moja, inasoma na kuimba mupaka usiku sana. Mwaka ule, wazee wengi walikaa kwenye meza peke yao.

Njo pale watu waligeukia mutandao. Huko Buenos Aires, Argentina, mwimbaji Liliana Benveniste alianza kuongoza mikutano kwa video inayoitwa Enkontros de Alhad. Alhad ni siku ya Yenga kwa Ladino. Neno hilo lilitoka katika Kiarabu, kwa sababu Wayahudi wa Hispania hawakutaka kusema «domingo», neno la Wakristo lenye maana ya siku ya Bwana. Watu wa inchi mbalimbali waliingia, wakaongea Ladino na kusikiliza nyimbo, kila mumoja katika salon yake.

Kwa nini haiwezekani kuimba pamoja kwa video?

Mutu aliyejaribu kuimba na korali yake kwa simu anajua: kila mutu anafika kwa wakati wake. Shida haiko paka mega kidogo. Sauti inakatwa vipande, inatumwa, kisha inaungwa tena upande wa pili. Kazi hiyo inakula wakati, mara mingi zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ni kidogo kwa kuongea, lakini kwa kuimba inatosha kuharibu mupigo.

Kwa hiyo kulikuwa njia mbili. Ya kwanza: mumoja anaimba, wengine wanafunga mikro na kuitikia kwao. Ya pili: kila mutu anajirekodi peke yake, anasikiliza mupigo katika ekuta, anatuma sauti yake, na mutu mumoja anaziunga zote.

Romansa ilifaa sana kwa njia ya kwanza, kwa sababu toka zamani ni wimbo wa sauti moja. Koko anayeimba bila chombo hakukosa kitu. Lakini wimbo wa ndoa uliumia. Unahitaji wanawake wajibu na pandero ilie, na mbele ya simu mwimbaji alisikia kimya tu.

Nini kilibaki?

Wakati milango ilifunguliwa, mikutano ya siku ya Yenga haikufa. Video zilibaki kwenye mutandao, na kijana wa Cape Town anaweza leo kusikia muzee wa Izmir akiimba. Hiyo ni faida kubwa. Lakini video haikurudisha luga nyumbani. Luga inaishi wakati mama anagombeza mutoto nayo.

Na sisi? Kinande, Mashi, Kihunde, Kilega na Kifuliiru zingali na nguvu. Lakini nyimbo za kusaga, za kubembeleza mutoto na za kusindikiza bibi-arusi ziko kwa wazee, na vita inaendelea kuwaondoa wazee katika vijiji vyao. Simu ya kawaida inatosha kuanza:

– Omba ruhusa kwanza, na eleza sauti itaenda wapi.
– Kaa mahali pa kimya, weka simu karibu na kinywa, funga rezo ili isilie.
– Mbele ya wimbo, rekodi jina la koko, kijiji chake, nani alimufundisha, na wimbo unaimbwa wakati gani.
– Kisha wimbo, mwombe aseme maneno polepole, na aeleze yale ya zamani.
– Weka kopi mbili, mahali pawili. Simu inaibiwa, inaanguka katika maji.

Usingoje sikukuu ao matanga. Anza na koko aliye karibu nawe.