Umeme wa Usiku wa Manane: Jinsi Kampuni za Umeme Zilivyojifunza Kuishi na Magari ya Betri

Kila magari ya umeme yanapotajwa, hofu inayofuata ni ileile: watu wakirudi kutoka kazini jioni na kuyachomeka yote kwa pamoja, gridi haitahimili. Hofu hiyo ina msingi wake, lakini imesahau historia. Zaidi ya miaka 100 iliyopita kampuni za umeme hazikuwa zikiyaogopa magari ya betri; zilikuwa zikiyatafuta kwa udi na uvumba. Ukifuatilia namna zilivyoyatafuta, na zilivyokuja kuhangaika nayo baadaye, utaona kwamba jambo lililoamua mambo kila mara ni saa ya kuchaji, na njia ya kumfikishia mwenye gari habari ya saa hiyo kupitia mfuko wake.

Mtu aliyelielewa hili mapema ni Samuel Insull, Mwingereza aliyewahi kuwa katibu wa Thomas Edison, kisha mwaka 1892 akashika uongozi wa kampuni ya Chicago Edison. Biashara aliyoikuta ilikuwa ya taa. Giza likiingia kila mteja anawasha, na mtambo unalazimika kuwa mkubwa kiasi cha kuwatosheleza wote kwa saa hizo chache. Wakienda kulala, mtambo huohuo ulionunuliwa kwa mkopo unakaa bure mpaka kesho yake jioni, na riba inaendelea kudaiwa. Mwaka 1894 Insull alifika Brighton, kusini mwa Uingereza, akakuta mita iliyobuniwa na Arthur Wright, msimamizi wa umeme wa mji ule. Ilikuwa bomba la kioo lililozibwa, lenye hewa na kimiminika ndani. Umeme wa mteja ulipita kwenye utepe uliozungushiwa upande mmoja wa bomba. Utepe ukipata joto, hewa inatanuka na kukisukuma kimiminika hadi kinamwagikia kwenye mrija wa pembeni wenye alama. Kilichomwagika hakikurudi. Mwisho wa mwezi msomaji wa mita aliona pale kiwango cha juu kabisa ambacho mteja alikifikia, na mteja akatozwa kwa kiwango hicho pamoja na uniti alizotumia. Kwa njia hiyo mteja alilipia nafasi aliyoichukua kwenye mtambo, na aliyetumia umeme kwa saa nyingi akapata wastani wa bei nafuu zaidi.

Katika hesabu ya namna hiyo, gari la betri ni mteja wa kutamanika: linahitaji umeme mwingi, na linaweza kuusubiri. Mwaka 1900 zaidi ya theluthi ya magari yaliyotengenezwa Marekani yalikuwa ya umeme, na mengi yalilala kwenye gereji za mjini yakichajiwa usiku. Kampuni za umeme ziliunga mkono chama cha kuyatangaza kilichoanzishwa mwaka 1910. Kule Hartford, jimbo la Connecticut, kampuni ya umeme ya mji ilipiga hatua zaidi: mfanyabiashara alinunua lori bila betri, kampuni ikampa betri yake yenyewe na kumbadilishia kila ilipoisha, naye akalipa ada ya mwezi pamoja na malipo ya kila maili. Huduma hiyo ilidumu hadi mwaka 1924. Tuwe wakweli kuhusu kilichoyaua magari yale: petroli ya bei rahisi, bei za Henry Ford, na kiwashio cha umeme kilichoanza kufungwa kwenye Cadillac mwaka 1912 na kuondoa adha ya kuzungusha mkono wa chuma. Ugumu wa kuyachaji usiku haukuwa miongoni mwa sababu kuu.

Magari yakatoweka, lakini kazi ya kuuza umeme wa usiku ikaendelea. Oktoba 1978 Waingereza walianzishiwa mpango wa Economy 7, saa saba za usiku kwa bei ya chini, uliolenga hasa hita zinazohifadhi joto la usiku ili zilitoe mchana. Baadaye mita nyingi zilibadilishwa bei kwa ishara iliyosafiri ndani ya matangazo ya masafa marefu ya redio ya BBC. Magari ya betri yaliporudi karne hii, yalikuta njia imeshasafishwa.

Ila bei peke yake ina kasoro, na anayepinga hoja yangu atapaswa kuanzia hapa. Mradi wa Marekani ulioitwa The EV Project, uliokusanya takwimu za chaja kati ya mwaka 2011 na 2013, ulionyesha kwamba Nashville, ambako bei haikubadilika kwa saa, watu walichaji jioni walipofika nyumbani. San Francisco, ambako bei ilishuka usiku, walisubiri kweli; kisha ilipogonga saa sita usiku chaja zikawaka kwa pamoja, na matumizi yakapanda kama ukuta. Kilele cha jioni kiliondoka, kikazaliwa kingine. Anayebeba mzigo wa kilele hicho ni transfoma ya mtaa, ile inayohudumia nyumba chache. Transfoma hutegemea usiku ili mafuta yake yapoe. Mtaa mzima ukichaji usiku kucha, nafasi ya kupoa inakwisha. Jaribio la Uingereza la My Electric Avenue, la mwaka 2013 hadi 2015, lilikadiria kwamba kati ya asilimia 40 na 70 ya nyumba zikiwa na magari ya umeme, takriban theluthi moja ya laini za mitaani zitahitaji kuongezewa uwezo au kusimamiwa.

Jibu la Waingereza lilikuwa la kiungwana. Tangu Juni 30, 2022, chaja mpya za nyumbani lazima ziuzwe zikiwa zimepangwa kutochaji siku za kazi kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, na saa kumi jioni hadi saa nne usiku. Zaidi ya hapo, kila chaja husubiri muda wa bahati nasibu, hadi dakika kumi, kabla ya kuanza, ili zisishtuke zote kwa mkupuo. Mwenye gari anaweza kubadilisha mpangilio huo akiwa na haraka. Wapo wanaosema kampuni ya umeme haina haki ya kuingilia chaja ya mtu, na ningewaunga mkono kama mlango huo wa kukataa usingekuwepo. Ukiwepo, bado mteja ndiye mwenye neno la mwisho.

Wengine husema usiku si wakati wa nafuu tena, kwa sababu sola imejaza umeme mchana. Kwa California ni kweli: wakati wa joto kali la Septemba 2022 wananchi waliombwa wasichaji kati ya saa kumi jioni na saa tatu usiku, jua linapoondoka. Hilo linabadilisha saa ya kuchaji, na kanuni inabaki palepale.

Kenya wana saa yao. Mvuke wa jotoardhi wa Olkaria hautulii watu wanapolala, na usiku sehemu yake huachiwa hewani bila kuzalisha kitu. Ndiyo maana bei maalumu ya vyombo vya usafiri vya umeme iliyoanza mwaka 2023 iliwekwa shilingi 16 kwa uniti saa za kawaida na shilingi 8 saa za matumizi madogo, kabla ya kodi na tozo. Lakini bodaboda anakimbia kutwa. Betri ikiisha mchana, hawezi kuegesha pikipiki kusubiri bei ya usiku. Kinachomwokoa ni utaratibu wa Hartford uliorudi Nairobi na Kigali: anaacha betri iliyokwisha, anachukua iliyojaa, na anayechagua saa ya kuchaji ni kituo.

Tanzania ina umeme mpya wa bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Wateja wakubwa wa TANESCO, shirika la umeme la nchi, tayari hulipia kilele cha matumizi yao kila mwezi, kwa kanuni ileile ya Wright. Lakini uniti ya LUKU, mita ya nyumbani ya kulipia kabla, ina bei moja saa moja jioni na saa nane usiku, hivyo anayechaji bajaji yake hana sababu yoyote ya kusubiri. Bei ya saa ianzie kwenye vituo vya kubadilishia betri, ambavyo bado ni vichache na vinaweza kufungiwa mita zinazojua saa, kabla mitaa ya Dar es Salaam haijajaa chaja zilizonunuliwa madukani bila mpangilio wowote.