Karata za giza na dhahabu ya Misisi

Mchezaji anaingia peke yake katika mnara uliojaa mazimwi. Ana karata kumi hivi tu, nyingi dhaifu: za kupiga na za kujikinga. Kila pambano analoshinda humwachia karata mpya ya kuchagua. Akifa, hupoteza zote na kuanzia chini, na safari hii mnara umepangwa upya.

Huo ni Slay the Spire, mchezo wa kompyuta wa Anthony Giovannetti na Casey Yano wa Seattle, Marekani. Ulianza kuuzwa ukiwa katika majaribio Novemba 2017, ukakamilika Januari 2019, kisha ikafuata mingine mingi ya namna yake, kama Monster Train wa 2020 na Inscryption wa 2021.

Wazazi wake ni wawili. Wa kwanza ni Rogue wa 1980, uliotungwa na Michael Toy na Glenn Wichman walipokuwa wanafunzi California: mapango yanayobadilika kila mara, na kifo kisicho na marudio. Hapakuwa na picha. Kila zimwi lilikuwa herufi kubwa tu kwenye skrini. Mzazi wa pili ni karata za mezani. Mwaka 1993 Richard Garfield alitoa Magic: The Gathering, ambamo mchezaji hupanga karata zake kabla ya pambano. Mwaka 2008 Donald X. Vaccarino akatoa Dominion, na humo kule kupanga kukawa ndio mchezo wenyewe. Waswahili wa pwani, wenye kopa, uru, shupaza, pau na turufu tangu enzi za Wareno, wasingechelewa kuuelewa.

Historia hii kwa kawaida husimuliwa mpaka hapo. Kwangu mimi imekatwa ukurasa, na ukurasa huo ni wa Kivu, kwetu mashariki mwa Kongo.

Ndani ya kompyuta kuna tantalamu, itokayo kwenye koltani, inayotunza chaji katika vipande vidogo mno. Kuna dhahabu pia, inayopakwa kwenye viunganishi kwa sababu haishiki kutu. Mwaka 2000, simu, kompyuta na mashine za michezo kama PlayStation 2 zilipogombewa duniani, bei ya koltani ilipaa. Sehemu kubwa ya Kivu ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD-Goma, na Novemba mwaka huo waliipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya peke yake ya kuiuza nje. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Wakati huo watu wa Fizi, kusini mwa Kivu, na wa mji wake wa Baraka walikuwa wakikimbia vita, wakivuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma, Tanzania. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu huko, iliyofunguliwa 1996, ilijaa watu wa upande wetu. Mashua za kuwarudisha Baraka zilianza 2005.

Lakini madini makuu ya teritwari ya Fizi si koltani, ni dhahabu, na machimbo yake mashuhuri ni Misisi. Mwaka 2010 sheria ya Marekani ilizitaka kampuni zieleze kama bati, tantalamu, tangsteni na dhahabu zinazozitumia zimetoka Kongo au nchi jirani. Septemba mwaka huo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011, na wachimbaji wadogo wakabaki bila kipato. Dhahabu ikawa ngumu kufuatilia kuliko madini mengine: hubebwa mfukoni, huvushwa mpaka kwa magendo, na ikishayeyushwa na kuchanganywa, hakuna jicho linaloweza kusema chembe hii ni ya Misisi.

Kwa hiyo sitasema kwamba kompyuta ya mchezaji fulani ina dhahabu yetu. Nasema mchimbaji wa Misisi ana nafasi yake katika historia hii kama mwanafunzi wa California alivyo nayo. Ninyi mnaoandika historia ya michezo ya kompyuta, andikeni na jina la Fizi.