Kasongo anaitwa nyumbani: safari ya Super Mazembe

Kwenye sherehe za ndoa mjini Uvira, gita ya kwanza ya "Kasongo" ikilia, mara nyingi wamama wazee ndio wanaotangulia kusimama. Wimbo huo una karibu miaka 50. Wengi wanauita wimbo wa Kenya, na si kosa lao: ulirekodiwa Nairobi, na ni kutoka Kenya ulikosambaa Afrika Mashariki yote. Lakini waliouimba wengi wao walikuwa watu wa Zaire ya wakati ule, wakiishi mbali na nyumbani.

Orkestra yao ilianza mwaka 1967 kwa jina la Super Vox, chini ya Mutonkole Longwa Didos. Ndani yake kulikuwa na Wakongomani na Wazambia pia. Kinshasa wakati huo ilikuwa ya wakubwa: Franco na OK Jazz yake, Tabu Ley na wengine. Mwanamuziki wa upande wa kusini au mashariki alikuwa na njia nyingine, nayo ilikuwa kuvuka mpaka. Baba Gaston alifika Dar es Salaam mwaka 1971, kisha Nairobi mwaka 1975. Super Vox waliingia Nairobi mwaka 1974, na muda mfupi baadaye wakajiita Orchestra Super Mazembe. Mazembe ni zile mashine kubwa za kuchimba na kusukuma udongo. Mtu wa nchi ya migodi haitaji kuelezwa.

Nairobi ilikuwa na kitu ambacho miji yetu ya mashariki haikuwa nacho: studio, kiwanda cha kutoa sahani, baa zenye wateja kila wikendi. Wakenya walipenda muziki wa Zaire hata bila kuelewa maneno, mpaka leo wanauita tu "Lingala", kama vile ni jina la muziki na si la lugha. Mazembe walielewa jambo hilo mapema. Waliimba Lingala, lakini wakaingiza Kiswahili, na hapo ndipo walipowashika watu.

Mdundo wao ulikuwa kavasha, ule wa ngoma unaokimbia kama treni, ulioletwa na vijana wa Zaiko Langa Langa huko Kinshasa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sahani ndogo za wakati ule zilikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza watu waliimba hadithi polepole; ukigeuza sahani, gita ya Bukasa wa Bukasa, aliyejulikana kama Bukalos, inachukua kazi na maneno yanabaki machache. Wanaousikia leo kwenye simu, bila kugeuza kitu, hawajui ule mwanya mdogo ambao wachezaji walikuwa wanautumia kufuta jasho.

"Shauri Yako" ulikuwa wimbo wao mkubwa mwingine, ingawa haukuanzia kwao. Mwenyewe ni Nguashi N'timbo, aliyekuwa na orkestra ya Festival du Zaïre. Mazembe waliuchukua, na sauti nyembamba ya Lovy Longomba ikaufikisha mbali zaidi ya ule wa kwanza. Lovy alikuwa mtoto wa Vicky Longomba, mmoja wa waanzilishi wa OK Jazz mwaka 1956, na ndugu wa Awilo Longomba ambaye vijana wa leo wanamjua zaidi.

Halafu kuna "Kasongo" wenyewe. Ni malalamiko ya mke ambaye mume wake ameondoka, naye anamwita arudi. Hakuna zaidi ya hapo. Kasongo ni jina la kawaida Katanga na Maniema, na huko Maniema ni jina la mji pia, kwa hiyo msikilizaji wa Kongo anaposikia jina hilo anamwona mtu anayemjua. Kwa mwanamuziki aliyeacha familia ng'ambo ya mipaka miwili, maneno hayo hayakuwa ya mbali. Na kwa mama aliyeko Nyarugusu au Burundi leo, ambaye hajui mume wake amelala wapi, hayahitaji mfasiri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Uingereza, Virgin, ilitoa albamu yao ya Kaivaska, na Wazungu nao wakaanza kusikiliza. Lakini sifa ya nje haikuwa kibali cha kukaa. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya ilijaribu kwa muda mfupi kupunguza muziki wa kigeni hewani na kuupa wa Kenya nafasi kubwa. Wasikilizaji walilalamika na jambo hilo likaachwa. Shida ya makaratasi ndiyo iliyobaki. Orchestra Virunga ya Samba Mapangala, iliyoundwa mwaka 1981, iliyumba kwa sababu ya vibali vya kazi. Mgeni anaweza kupendwa na mtaa mzima na bado akaogopa kugongewa mlango na watu wa uhamiaji. Hilo wakimbizi wa ziwa hili wanalifahamu bila kusoma historia ya muziki. Mwaka 1985 Super Mazembe ilivunjika.

Lovy alikufa kwa ajali ya gari nchini Tanzania mwaka 1996, mwaka ule ule ambao vita viliwafanya maelfu ya watu wa Uvira na Fizi kuvuka ziwa kuelekea Kigoma. Aliacha wana, Christian na Lovy, waliokuja kuvuma Nairobi kwa jina la Longombas na wimbo wa "Vuta Pumz". Walihesabiwa wasanii wa Kenya moja kwa moja, jambo ambalo kizazi cha baba yao hakikupewa kirahisi hivyo. Christian alifariki mwaka 2021.

Mwishoni mwa mwaka 2024 vijana wa Kenya, wengi wao wamezaliwa miaka mingi baada ya Mazembe kuvunjika, walianza kumwita Rais William Ruto "Kasongo". Wimbo ukarudi kwenye simu, kwenye matatu, kwenye mikutano. Jina la mume aliyetoroka likawa utani wa siasa, na baadhi ya waliokuwa wakiucheza hawakujua kwamba anayeitwa humo ndani anaombwa tu arudi nyumbani.