Babu Alikuwa Daktari wa Mganda

Ugomvi ulianzia kwenye ngao. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, Mbinga mjini, baridi ya huku juu imetufungia ndani, na mimi na binamu yangu tulikuwa tumeinamia kompyuta kuukuu ya mjomba tukicheza Baldur's Gate, gemu la mwaka 1998. Binamu alikuwa ameuza ngao yetu nzuri kuliko zote kwa sababu, alisema, ilikuwa inapunguza namba ya ulinzi. Dakika chache baadaye mpiganaji wetu aliuawa na mbwamwitu.

Aliyewahi kucheza gemu hili ameshacheka. Katika kanuni zake za zamani, ulinzi unahesabiwa kinyumenyume. Mtu asiye na kinga yoyote ana kumi. Akivaa ngozi, namba inashuka. Akivaa chuma, inashuka zaidi. Na mwenye hasi mbili ndiye wa kuogopwa. Nilimweleza binamu mara tatu. Alinijibu kwamba kanuni ya namna hiyo imetungwa na mlevi.

Babu alikuwa amekaa kwenye kochi, blanketi mabegani. Alikuwa amepanda kutoka Liuli, ziwani, kuja kutibiwa kifua, na kwa siku mbili alikuwa akitusikiliza bila kusema neno.

"Wajukuu zangu, mnagombania nini?"

Tukamweleza. Watu sita wanasafiri pamoja. Kila mmoja ana kazi yake: huyu anapigana, huyu anafanya uchawi, huyu anafungua makufuli, huyu ni kuhani, anaponya wenzake.

"Na huyo anayeponya asipokuwepo?"

"Wote wanakufa, babu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi huo ni mganda. Mimi nilikuwa daktari."

Babu yangu alikuwa mvuvi na mkulima wa muhogo. Hospitali alikwenda kama mgonjwa tu. Lakini kwenye kundi lao la mganda alivaa koti jeupe, na kabla ya kuingia uwanjani alipita mstari kwa mstari akikagua kucha, kola na soksi za wachezaji. Mchafu aliambiwa ni mgonjwa, akatolewa nje mpaka "apone". Kulikuwa na Kingi, kulikuwa na kapteni, na kila cheo kilikuwa na haki zake na faini zake.

Kwa asiyeujua, mganda ni ngoma ya wanaume inayochezwa Mbinga na Nyasa yote, na ng'ambo ya ziwa, Malawi, ambako Watonga na Watumbuka huiita malipenga. Kaptula na mashati meupe, soksi ndefu, mistari iliyonyooka, hatua za gwaride zilizolainishwa, na ngoma kubwa inayopigwa kama ile ya bendi ya jeshi. Malipenga yenyewe ni vibuyu vilivyozibwa kwa utando wa buibui, vikivumishwa kwa mdomo mpaka vilie kama tarumbeta. Wanawake wana kioda yao, nayo ina habari yake ndefu ambayo siigusi hapa.

Niliposoma historia chuoni nilikutana na babu tena, safari hii kwenye kitabu cha Terence Ranger cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni. Beni ilianza pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890. Vijana walichukua mashindano ya ngoma ambayo Waswahili walikuwa nayo tangu zamani, mtaa dhidi ya mtaa, wakayavika sare, bendi na vyeo vya Kizungu. Upande wa Wajerumani yakatokea makundi mawili mahasimu, Marini na Arinoti. Kisha ikaja vita, na askari na wapagazi wakaisambaza beni mpaka maziwa makuu na migodini. Mganda ni mtoto wa ukoo huo.

Vita hiyo ilibisha hodi Liuli mapema mno. Wajerumani walipaita Sphinxhafen, kwa ajili ya jabali la Pomonda linalofanana na ile sanamu ya Misri. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, iliikuta meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, ikaipiga mzinga. Nahodha Berndt wa upande wa pili alikuwa rafiki yake Rhoades wa kunywa naye, na habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Inasimuliwa kwamba aliingia kwenye mtumbwi akapiga makasia kwenda kumuuliza mwenzake kama amelewa.

Wanahistoria wa vita wanaipenda hadithi hii. Mimi hunifurahisha kidogo, halafu nakumbuka kilichofuata: mamia ya maelfu ya Waafrika walibebeshwa mizigo ya majeshi yote mawili, na makumi ya maelfu hawakurudi, wengi wao kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Kila anayeshuka daladala Kariakoo anataja jina lao bila kujua.

Sasa nirudi kwenye gemu. Baldur's Gate imejengwa juu ya kanuni za Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Hao wawili walitokea kwenye michezo ya vita, ile ya kusogeza vikosi vidogo mezani na kurusha dadu. Ile namba ya ulinzi iliyotugombanisha, Arneson alieleza kwamba aliitoa kwenye kanuni za mchezo wa manowari. Na ukoo mzima unarudi nyuma hadi Kriegsspiel, mchezo ambao ofisa wa Prussia aitwaye Reisswitz aliukabidhi jeshi lake mwaka 1824 ili maofisa wajifunze vita juu ya ramani.

Kwa hiyo binamu na babu walikuwa wakicheza vitu viwili vilivyotoka kambini. Jeshi lilitengeneza mchezo wa maofisa, na miaka mia na hamsini baadaye raia wakaujaza mazimwi. Jeshi lilileta gwaride ziwani, na vijana wa vijijini wakalijaza malipenga.

Wapo waliouona mganda ni aibu, kuiga Wazungu. Nimelisikia hilo kwenye semina, likisemwa na watu wenye tai shingoni. Serikali ya Waingereza haikuona kuiga; baada ya vita iliichunguza beni ikihofia mtandao wa siri. Mimi naona jambo jingine, na linaanzia kwenye lile koti jeupe. Mwaka 1956 J. Clyde Mitchell aliandika kuhusu kalela, ndugu wa mganda, huko Luanshya kwenye migodi ya shaba. Naye alimkuta Kingi, na daktari mwenye msalaba mwekundu, na sista mwenye kioo na leso. Watu ambao wazee wao walikufa barabarani kwa kuhara bila kutazamwa na mtu, walipojitungia jeshi lao wenyewe, walihakikisha lina daktari. Hilo siliiti kuiga.

Kanuni za Baldur's Gate zimehifadhiwa na wapenzi wake hadi tarakimu ya mwisho. Ukitaka kujua upanga fulani unaongeza nini, utajua kabla chai haijapoa. Babu alifariki mwaka uliofuata, na mimi, kwa ujinga wa ujana, sikuwa nimemuuliza hata kiwango cha faini.

Mwaka jana nilishuka Liuli na daftari. Nikawapata wazee wawili waliocheza naye. Nikawaamkia, nikauliza swali nililodhani ni jepesi: kundi likiingia uwanjani, daktari hutembea wapi?

"Nyuma ya Kingi," akasema wa kwanza.

"Acha kumdanganya mtoto," akasema wa pili. "Mbele. Angemkaguaje Kingi akiwa nyuma?"

"Kingi hakaguliwi!"

"Kingi wenu. Wa kwetu alikaguliwa."

Walibishana mpaka mitumbwi ya jioni ikaanza kuingia majini. Nilijaza kurasa kumi na moja.