Mistari Kumi na Miwili: Jinsi Meli Zilivyopata Sikio Lisilolala

 

Mnaijua methali ya wazee: Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Hebu fikiri, ewe msikilizaji, kazi ya mpiga mbiu. Haanzi kwa kutangaza habari. Kwanza huipiga pembe, akarudia na kurudia, mpaka mwenye kulima aache jembe na mwenye kulala aamke. Pembe yenyewe haisemi neno lo lote. Kazi yake ni kufungua masikio. Leo nitakueleza jinsi mabaharia walivyotafuta pembe ya namna hiyo katika simu ya upepo, na msiba uliowafundisha kuitafuta.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, meli kubwa ya Waingereza iitwayo Titanic ilikuwa ikivuka bahari ya Atlantiki kwenda New York. Yapata saa 5.40 usiku iligonga mlima wa barafu. Meli nyingine, Californian, ilikuwa imesimama si mbali sana na hapo, maana barafu iliizuia njia. Nayo ilikuwa na simu ya upepo, lakini mpiga simu wake alikuwa mmoja tu, Cyril Evans. Alikuwa amefanya kazi tangu asubuhi. Karibu saa 5.30 alivua vyombo vya masikioni akaenda kulala. Titanic ilipoanza kuomba msaada, kiasi cha saa 6.15, mle chumbani hamkuwa na mtu wa kusikiliza.

Aliyesikia ni Harold Cottam, mpiga simu wa meli Carpathia iliyokuwa mbali maili 58 hivi. Alisikia kwa kuwa alikuwa bado hajalala. Carpathia ikaja mbio, ikafika kiasi cha saa 10 alfajiri, ikaokoa watu 700 hivi. Lakini Titanic ilikwisha kuzama tangu saa 8.20, na watu 1,500 hivi walikuwa wamekufa.

Angalia jambo hili vizuri. Titanic ilipiga kelele ya kutosha. Ilituma alama ya zamani, CQD, na ile mpya, SOS, iliyokubaliwa na mataifa mjini Berlin mwaka 1906. Palipopunguka ni upande wa kusikia.

Pengine utauliza: kwa nini kila meli isiajiri wapiga simu watatu, wapokezane usiku na mchana? Ni shauri jema, lakini mishahara ya watu watatu ilikuwa mzigo mzito kwa mwenye meli ndogo ya shehena. Basi mafundi wakaulizwa: je, mtambo waweza kukesha badala ya mtu?

Hapo palikuwa na shida. Mtambo hauna akili. Alama ya SOS ni nukta tatu, mistari mitatu, na nukta tatu. Nukta na mistari ya namna hiyo hiyo imo katika maneno yote yanayopita hewani, na radi nayo hutoa milio mifupi inayofanana na nukta. Mtambo wa kungoja SOS peke yake ungepiga kengele ovyo usiku kucha. Na mtu anayeamshwa bure kila siku, mwisho huizima kengele.

Mwaka 1927 wajumbe wa mataifa walikutana Washington, Marekani, wakaweka kanuni. Mwenye kuomba msaada atume kwanza mistari 12, kila mmoja wa sekunde 4, na kati ya mstari na mstari anyamaze sekunde 1. Hesabu mwenyewe: 4 na 1 ni 5, na 5 mara 12 ni 60, yaani dakika moja kamili. Baada ya hayo ndipo atume SOS, jina la meli yake, na mahali ilipo.

Mbona mistari ilikuwa mirefu hivyo? Kwa sababu mstari wa kawaida wa simu hauchukui hata sekunde moja. Mlio wa sekunde 4 haumo katika neno lo lote. Mbona yote ilikuwa sawasawa? Ili mtambo upime tu, kama seremala apimavyo ubao. Na mbona 12? Mtambo ulitosheka na mistari mitatu au minne iliyofuatana bila kasoro, ukapiga kengele ya kumwamsha mpiga simu. Radi ikiharibu mitano ya kwanza, saba ilikuwa bado njiani. Kurudia huko kulikuwa kama akiba ya chakula ghalani.

Tena, saa ya ukutani katika chumba cha simu ilichorwa alama nyekundu ukingoni, za kuonyesha sekunde 4 hizo. Hata mtu aliyetetemeka kwa hofu aliweza kuufuata mshale wa saa na kutuma mistari iliyo sawa. Mkataba wa usalama wa watu baharini, uliotiwa sahihi London mwaka 1929, ulikubali mtambo huo ukeshe mpiga simu anapopumzika.

Tarehe 1 Februari 1999 utaratibu mpya wa dunia nzima ulishika kabisa mahali pa simu ya nukta na mistari. Lakini mwito wa hatari unaotumwa siku hizi kwa mawimbi ya kati na mafupi huanzaje? Huanza na tarakimu 200, yaani 1 na 0 zikipokezana, zisizo na habari yo yote. Chombo cha kupokea, kinachopitia mawimbi mbalimbali, kikikuta mfululizo huo husimama hapo na kulinganisha mwendo wake na wa mtumaji. Ndipo habari hufuata, na kila alama yake hutumwa mara mbili.

Basi pembe ingali ikipigwa kwanza, habari zikafuata, kama mpiga mbiu wetu afanyavyo.

Kabla hatujaagana, zungumzeni maswali haya kikundini. Kwanza: kwa nini SOS peke yake haikufaa kuamsha mtambo? Pili: kijijini kwenu, hatari ikitokea usiku, ni alama gani itakayowaamsha watu, na ni nani asiyeweza kuisikia?

Kwaherini mpaka juma lijalo.