Fundi dawa sanifu

Fundi dawa sanifu (pia mteknolojia dawa) ni mtaalamu wa kada ya kati ya famasi nchini Tanzania, mwenye stashahada. Yuko chini ya mfamasia na juu ya fundi dawa msaidizi. Usajili wake husimamiwa na Baraza la Famasi, kwa mujibu wa Sheria ya Famasi ya 2011.

Hufanya kazi hospitalini, katika vituo vya afya na maduka ya dawa. Hupokea shehena kutoka Bohari ya Dawa, hujaza leja, na hupanga rafu ili dawa inayokaribia kuisha muda itoke kwanza.

Uzito wa kazi uko kwenye dirisha la kutolea dawa. Mgonjwa wa malaria mwenye kilo 35 au zaidi hupewa vidonge 24 vya dawa mseto: 4 kwa kila dozi, dozi ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. “1×3” iliyoandikwa kwenye bahasha humaanisha kidonge kimoja mara tatu kwa siku, lakini wapo wanaoielewa kuwa vidonge vitatu kwa mpigo. Kwa hiyo fundi makini humwomba mgonjwa arudie maelekezo kwa maneno yake kabla hajaondoka.