Mto Msimbazi na Sisi Tuliosoma Pugu



Mto Msimbazi huanzia katika milima ya Pugu na Kisarawe. Hupita Tabata, Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha huingia baharini penye Daraja la Selander. Sisi tuliosoma Pugu tulikaa mwanzoni mwake, kwa hiyo historia yake yatuhusu.

Husemwa mara nyingi kuwa bonde hili liliharibika kwa kukosa mpango. Mimi sikubaliani. Mpango Mkuu wa Jiji wa mwaka 1979 uliliweka miongoni mwa ardhi za hatari, zisizofaa kujengwa. Lakini watu walikuja kutoka mikoani kutafuta riziki, viwanja vilivyopimwa vikawa haba, na bondeni palikuwa karibu na kazi. Viwanda navyo vikamwaga maji machafu mtoni, na wakulima wakamwagilia mchicha kwa maji hayo hayo.

Taka pia zina historia yake. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kwa sababu ya moshi na uvundo wa jalala, wakashinda. Ulikuwa ushindi mkubwa kwa raia wa kawaida. Hata hivyo, katika miaka ya 1990 taka zilipelekwa Vingunguti, kando ya mto ule ule. Baadaye Mtoni, Temeke. Na hatimaye Pugu Kinyamwezi, jirani na shule yetu. Mtaa mmoja ulipopata nafuu, mwingine ulibebeshwa mzigo.

Kwa watu ilikuwa hivyo hivyo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na Serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande, Kinondoni. Wapo waliorudi bondeni, maana kibarua kilikuwa mjini na Mabwepande ni mbali. Mwishoni mwa 2015 nyumba zikabomolewa tena.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa bonde la Msimbazi. Shabaha yake ni kupanua mkondo, kujenga daraja jipya Jangwani, na kuligeuza bonde la chini kuwa bustani ya jiji. Ni jambo jema. Lakini utumishi serikalini umenifundisha kuwa ramani nzuri peke yake haitoshi. Bustani hiyo itadumu endapo aliyehamishwa atapata makazi yenye usafiri na kazi, na taka zitapata mwisho wake badala ya kutafutiwa jirani mpya.

Nanyi wanafunzi mlioko shuleni sasa, wajibu wenu uko huku juu. Msitu wa Pugu ukikatwa kwa ajili ya mkaa, udongo hushuka na mvua ukajaza mkondo huko chini, na maji yakaingia majumbani mwa watu. Napendekeza chama chetu cha wanafunzi wa zamani kigharimie kitalu cha miche shuleni, na kila kidato kitunze miti kandokando ya vijito vilivyo karibu. Kazi hiyo haihitaji mkopo wa benki. Inahitaji majembe, ndoo na uvumilivu.